Mteja Asiporidhika

Maneno yaliyosemwa mbele ya mafundi wanaojitegemea, Siku ya Wakimbizi Duniani, kambi ya Dzaleka, Malawi

 

Sisi walimu tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo pengine mlitegemea lisemwe na fundi mwenyewe, yaani namna ya kukaa na mteja ambaye hakuridhika na kazi. Sababu ya kutuchagua ni ndogo tu. Fundi na mteja wakipatana, hutuita tuwaandikie karatasi. Wakigombana, hutuita tena tuisome. Basi kwa miaka mingi tumekaa katikati ya magomvi ya suruali, ya vitanda, ya baiskeli na ya simu, tukisikiliza pande mbili, na leo tunawarudishia tuliyoyasikia.

Tunaposema fundi anayejitegemea tunamaanisha yule asiye na tajiri wala mshahara: mshonaji mwenye cherehani moja barazani, seremala, fundi baiskeli, msusi, mpiga picha za harusi, fundi simu, na kijana anayetafsiri barua au kuchora matangazo kwa kompyuta. Huyu hana mkubwa wa kumkinga. Mteja akija na hasira anamkuta yeye mwenyewe, na mara nyingi watoto wake wamekaa pale pale wanasikia.

Tuikumbuke kwanza hali yetu. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, ikitarajiwa kupokea watu wapatao 10,000 hivi. Leo tumepita 50,000. Malawi ilipoingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, ilijiwekea mipaka katika baadhi ya vifungu, na vya kazi vimo. Mwaka 2023 ndugu zetu waliokuwa na maduka na vibanda Lilongwe na kwingineko waliamriwa kurudi kambini. Walirudi na ufundi wao, lakini wateja wao hawakurudi nao. Matokeo yake mnayaona sokoni: cherehani zimepangana kama madawati, na anayepita na kitambaa mkononi huitwa na watu sita.

Ndiyo maana jambo hili si dogo. Mjini fundi akigombana na mteja mmoja, kesho atapita mwingine asiyejua habari. Hapa kwetu habari ya zipu iliyokatika Katubza hufika Likuni kabla ya jua kuzama. Na posho ilivyopungua, fundi anayepoteza wateja watatu kwa mwezi anapoteza unga wa nyumba yake. Tena kuna la pili, zito zaidi, ambalo tutalifikia: ugomvi wa nguo huku kwetu haukawii kuwa ugomvi wa makabila.

Tuchukue mfano tuliouona zaidi ya mara moja, kwa sura moja au nyingine. Mama ameleta kitenge kizuri ashonewe gauni la harusi ya mdogo wake. Siku tatu kabla ya harusi anakuja kulichukua, analijaribu, linambana kifuani na mikono haifanani. Anapaza sauti. Fundi naye, kwa kuwa wateja wengine wanasikia, anapaza yake: “Mbona siku ile hukuwa mnene hivi?” Hapo ndugu zetu kazi imeharibika, na si gauni tena. Watu wanakusanyika. Mmoja pembeni anasema, “Ndivyo walivyo hao,” na kutaja nchi ya fundi. Mwingine anamjibu kwa kutaja nchi ya mama. Gauni limelala mezani, hakuna anayelitazama.

Fundi mwenye akili hufanyaje? Kwanza anamtoa mteja barabarani. Anampa kiti, ikiwezekana na maji, na kumwambia: “Mama, pole, keti unieleze.” Anamwacha aseme mpaka amalize. Tumeona kwamba mtu mwenye hasira akiachwa aseme bila kukatwa, maneno yake humwishia upesi. Akikatwa, huanza tena mwanzo kwa sauti kubwa zaidi. Pili, fundi haulizi “Nani kasema ni mbaya?” bali “Inabana wapi? Ulitaka iweje?” Tatu, anachukua futi na kumpima upya mbele yake, na kulinganisha na vipimo vilivyoandikwa siku ile. Vipimo vikiwa vile vile, kosa ni la mshono. Vikiwa tofauti, kosa si la mtu, ni mwili tu umebadilika. Futi haina kabila na wote wawili wanaiona. Mwisho anampa njia mbili, si moja wala kumi: “Nifungue pande hizi mbili, nina kitambaa cha akiba ndani, kesho saa tisa uje ujaribu, au nikuwekee kipande cha rangi hii ubavuni, leo jioni iwe tayari.” Mteja akichagua mwenyewe, nusu ya hasira imekwisha.

Hapa tuseme neno juu ya lugha, maana sisi ni walimu na hatuwezi kujizuia. Mafundi wengi hawataki kusema “samahani” kwa sababu wanaona kama wamekiri kosa na watadaiwa. Lakini Kiswahili kimetupa maneno mawili. “Samahani” ni ya mwenye kosa. “Pole” ni ya kila anayeona mwenzake amepatwa na taabu, awe na kosa au asiwe nalo. Mama ana harusi kesho kutwa na hana nguo: amepatwa na taabu, hilo halina ubishi. Mpe “pole” kabla hamjajua kosa la nani, haikugharimu hata tambala. Wenzetu wa Chichewa wao “pepani” yao hufanya kazi zote mbili. Kwa hiyo mteja wa kijijini akikuambia fundi wake wa zamani alisema pepani, usidhani yule fundi alikiri chochote. Na wewe ukimnyima neno hilo atakuona mtu wa kiburi, hata kama umemtengenezea kazi yake vizuri.

(Tena wapo wateja wa Dowa wenye utani. Jina la Dzaleka lina maana ya kuahidi kwamba sitarudia tena, neno la enzi za gereza. Fundi akichelewesha kazi wanamwambia, “Sema basi jina la kambi yako.” Cheka naye. Anayetania bado hajaondoka.)

Sasa tuje kwenye daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika mashauri tuliyokalia, mengi hayakuwa ya kazi mbaya. Yalikuwa ya watu wawili kukumbuka maneno tofauti. Mteja anakumbuka “Ijumaa,” fundi anakumbuka “Ijumaa kama umeme utakuwepo.” Mteja anakumbuka kwamba bitana na vifungo vimo katika bei, fundi anakumbuka kwamba mteja atavinunua. Wote wawili wanasema kweli kwa namna wanavyokumbuka, na Mwenyekiti anakosa la kuamua.

Daftari la shilingi chache, au tuseme kwacha chache, linatosha. Andika jina la mteja na mahali anapokaa, kazi yenyewe, vipimo, nani ananunua nini, bei yote, kilicholipwa, kilichobaki, siku ya kujaribu na siku ya kuchukua. Siku ya kujaribu tunaitilia mkazo: fundi anayemwita mteja ajaribu nguo kabla ya kumaliza mishono hupata malalamiko wakati bado ni rahisi kuyatengeneza. Kata kipande kidogo cha kitambaa chake ukibane na pini kwenye ukurasa, asije akasema umembadilishia. Asiyejua kusoma, msomee kwa sauti mbele ya jirani, kwa lugha anayoisikia vizuri, aweke dole gumba. Siku hizi wengi huja na picha kwenye simu: “Nishonee kama hii.” Ile ya kwenye picha ni kitambaa laini kinachoanguka, yeye amekuleteeni kitenge kikavu. Mwambie siku hiyo hiyo kwamba haitaanguka namna ile. Ukinyamaza ili usimkose, utamkosa siku ya kuchukua.

Na bei. Tarehe zake tunazikumbuka wote. Mwezi wa Mei 2022 thamani ya kwacha ilishushwa kwa asilimia 25, na Novemba 2023 ikashushwa tena kwa asilimia 44. Seremala aliyepokea nusu ya fedha za kitanda mwezi wa Oktoba, akazila akisubiri kuanza kazi, Novemba alikuta mbao, gundi na misumari vimepanda, na mteja ameshika karatasi yenye bei ya zamani. Mteja yule hakuwa mbaya. Seremala alitaka mteja alipe hasara ambayo isingekuwepo kama fedha za vifaa zingenunua vifaa siku ile ile. Hivyo basi malipo ya mwanzo ni ya mbao na kitambaa, si ya unga. Tunajua ni rahisi kulisema hilo mbele ya kipaza sauti kuliko kulitimiza mbele ya watoto. Hata hivyo, anayeweza alifuate, na asiyeweza aandike tangu mwanzo: “Bei ya vifaa ni ya leo, ikipanda kabla ya kununua, tutazungumza.” Na ikipanda, mfuate mteja nyumbani siku hiyo. Asisikie bei mpya siku anapokuja kuchukua kitanda na mkokoteni tayari ameukodi.

Kazi ikiwa mbovu kweli, itengeneze bila malipo na usibishane. Kitambaa kikiwa kimeharibika kabisa, tunavyoona sisi fundi anadaiwa kitambaa na fedha ya mkono aliyokwisha kupokea. Hadaiwi harusi, hadaiwi aibu, hadaiwi nauli ya wageni waliotoka Lilongwe. Tuseme mteja alilipa kwacha 8,000 za mwanzo na kitambaa chake ni cha 20,000: deni ni 28,000, liandikwe, na kama fundi hana, alipe kidogo kidogo kwa tarehe zinazojulikana, au ashone kazi nyingine za thamani hiyo kama mteja bado ana imani naye. Wengi wana imani. Tumeshangaa mara nyingi jinsi mteja aliyelipwa deni lake kwa uaminifu anavyorudi kwa fundi yule yule, akileta na shemeji yake.

Wapo wanaosema mteja ni mfalme. Sisi hatukubaliani nao. Yupo mteja anayekosa fedha ya kumalizia, akatafuta kasoro ili apunguziwe: anaivuta suruali huku na huku mpaka apate uzi uliolegea. Yupo aliyevaa nguo kanisani Jumapili, akairudisha Jumatatu kuwa haikumpendeza. Huyu naye apewe kiti na “pole” yake, daftari lifunguliwe, aonyeshwe alichokubali, kisha aambiwe mara moja, kwa sauti ya chini: “Kazi niliifanya kama tulivyoandika. Ukitaka ibadilishwe, malipo ya kubadilisha ni kiasi hiki.” Mara moja yatosha. Ukirudia mara tano inakuwa ugomvi, na ukimkubalia kwa hofu, wiki ijayo atakuja na wenzake. Ikiwa shida yake ni fedha, ni afadhali aseme hivyo, mpe tarehe. Nguo ibaki kwako mpaka alipe, hiyo ni desturi inayoeleweka na wote, lakini iandikwe itakaa miezi mingapi, na usiiuze wala kumwazima mtu aivae. Ukiiuza bila mapatano hayo umegeuka kutoka mdai ukawa mdaiwa.

Tena kuna mteja anayenyamaza. Anachukua kazi, anasema ahsante, haji tena, na kila aendapo anaieleza habari yako. Anayekuja kupiga kelele bado anataka umtengenezee. Huyu mwingine amekwisha kuhama. Ukimwona mtu hajarudi, mpitie umuulize baiskeli inakwendaje, kitanda hakilii? Fundi baiskeli mmoja hapa ana mazoea ya kumwambia kila mteja arudi baada ya siku tatu akazwe spoki bure. Ni dakika chache tu, lakini tangu aanze hatujawahi kumwona akiitwa kwenye kamati.

Nanyi ndugu wa mashirika, mtatuwia radhi, nanyi ni wateja. Imetokea kikundi cha mafundi kuagizwa sare za wanafunzi na afisa mmoja, kwa mdomo, na kabla ya kazi kumalizika afisa yule akahamishwa. Aliyekuja baada yake akasema rangi siyo, na malipo yakasimama miezi. Hatutaji shirika. Tunaomba tu oda iandikwe na kutiwa sahihi, kipande cha rangi kibandikwe juu yake, na tarehe ya malipo iwepo kama ilivyopo tarehe ya kukabidhi. Nguo moja ya mfano ishonwe na kukubaliwa kabla ya kukata mia nne. Fundi wa kambi hawezi kukopesha ofisi.

Vijana wa kazi za mtandao tusiwasahau, ingawa wazee wanaona kazi yao kama mchezo. Mteja wao yuko Ulaya au Marekani, hawezi kuletewa kiti wala maji, na hasira yake huja kwa maandishi usiku. Daftari lao ni ujumbe wenyewe: aandike anataka nini, kwa lini, na atarekebishiwa mara ngapi bila malipo, tuseme mara mbili, ya tatu ina bei yake. Katika Upwork, kwa kazi ya bei moja, mteja huweka fedha kwanza zikashikwa. Kazi ikikabidhiwa kwa utaratibu wake, ana siku 14 za kuikagua, akinyamaza fedha huachiliwa. Basi msianze kazi kabla ya fedha kushikwa, wala msikubali mteja anayewavuta mkamalizie mazungumzo na malipo kwingine. Na ujumbe wa hasira usijibiwe saa ile ile. Uusome, ulale, asubuhi ujibu yale ya kazi tu.

Tulisema tutafika kwenye ugomvi wa makabila. Hapa tuna Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengine, na kila mmoja amebeba mambo aliyoyaacha nyumbani. Fundi na mteja wakigombana, yuko mtu wa tatu ambaye hana nguo wala fedha pale, anayengoja nafasi. Mnyimeni nafasi hiyo. Shauri la kazi lipelekwe kwanza kwa mafundi wawili wa kazi hiyo hiyo, mmoja achaguliwe na kila upande, na ni vizuri wasiwe wa nchi moja. Wao wataangalia mshono, si uso. Wakishindwa ndipo kiongozi wa mtaa, kisha kamati. Tumewaona mafundi wa nchi mbili wakiipindua suruali nje ndani, wakakubaliana kwa dakika tano juu ya jambo lililokuwa limewagawa watu wa mstari mzima wa nyumba.

Lakini lipo jambo ambalo si la kupatanishwa. Mteja akimwambia binti msusi au mama mshonaji, “Njoo nyumbani nitakulipa,” au akisema atalalamika asipopewa kitu kingine zaidi ya kazi, hilo si malalamiko ya mteja. Hakuna daftari la kufungua hapo wala kiti cha kumpa. Vivyo hivyo anayepiga au kutishia. Waende moja kwa moja kwa wanaoshughulikia ulinzi wa wakimbizi na kwa polisi, na wasiende peke yao. Mwite mwalimu yeyote, tutafuatana. Hata kama mteja huyo ni mfanyakazi wa shirika, na wakubwa wa mashirika waliokaa hapa mbele wanatusikia tukilisema.

Madaftari ya mfano tumeyapigia mistari na kuyaacha kwa katibu wa kamati. Si mengi, kwa hiyo tumeamua kila kikundi kichukue moja kisha wengine waige. Kuanzia Jumamosi hii, saa nane mchana, tutakaa katika darasa la tano kuwafundisha wasiojua kuandika vipimo na hesabu za deni, bila malipo yoyote. Aje na kalamu, rula, na kama ana shauri ambalo halijaisha, aje na mteja wake.